Kitambaa Juu ya Daraja la Nta

Elvestad, Minnesota
14 Machi 1977

Kwako Dada yangu mpendwa Verna,

Nakusalimu kwa heshima yote anayostahili dada mkubwa, nikitumaini kwamba waraka huu utakukuta u mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mke wangu Ardis, ambaye nyonga yake imekataa kabisa kupatana na baridi ya mwaka huu. Ng'ombe kumi na wanne wamekwisha kuzaa, na ndama mmoja tu ndiye aliyetupotea. Theluji ingali imefikia vizingiti vya madirisha ya zizi.

Ama baada ya salamu hizo, naomba kuwasilisha kwako jambo linalonikosesha usingizi.

Jana Jumapili, saa kumi na mbili jioni, televisheni ilionyesha *Nchi ya Kengele Tisa*, kama ifanyavyo mara moja kila mwaka. Kwa desturi yangu nilikamua mapema, nikanawa, nikavaa shati la kanisani. Ardis hunicheka kwa ajili ya shati hilo, lakini mtu hamlaki mama yake na ovaroli. Majirani zetu, Curtis Rustad na mkewe Gladys, walikuja na bakuli lao la viazi.

Wewe wajua ninachokingojea. Watu wa mji wanavuka daraja la barafu. Mwanamke mwenye shali ya kijivu anasimama katikati yao, anageuka kututazama, anainua kitambaa cha kufutia vyombo, kama Mama alivyokuwa akiniinulia kutoka mlangoni kuniita kutoka shambani nije kula. Sekunde nne. Picha inayofuata, hayupo. Tangu alipoondoka nawe kwenda California kutafuta hewa kavu ya kifua chake, nikiwa na miaka tisa, sijawahi kumwona isipokuwa hapo.

Kabla hajatokea, Curtis akasema, "Haya, Alvin, marehemu wako anakuja! Funga mlango asije akatoka kwenye kioo!"

"Curtis, nakusihi unyamaze."

"Siyo langu mimi, ni la gazeti. Alitumbukia kwenye tangi la maji chini ya daraja, akafa, nao wakazima taa wakaenda kula."

Gladys akamwambia, "Na wewe ukitumbukia kwenye bakuli hilo hatutakutafuta. Mwache mwenzio aone."

Mwezi wa Januari gazeti moja la burudani lilieneza uvumi huo kwa kichwa cha habari "Mfu wa Darajani". Sasa wenye filamu wamechoka kuulizwa, nao wametangaza kwamba nakala ya mwakani itakuwa imekatwa sekunde hizo nne. Niliwaandikia ombi la kurasa tatu, lililopangwa vizuri, na wamenijibu kwamba watazibakiza iwapo watapokea vitu viwili kabla ya tarehe 30 Septemba: hati ya kiapo ya mtu anayemtambua mwanamke huyo, na cheti cha kifo kinachothibitisha kwamba hakufia hapo. Wewe ulikuwa ukishona mavazi ya filamu hiyohiyo, na wewe ndiwe uliyemzika Mama mwaka 1939. Hakuna shahidi mwingine chini ya jua.

Aidha, naomba ufafanuzi juu ya uvumi mwingine ambao Curtis huniudhi nao: kwamba theluji ilikuwa ya sumu, kwamba mwishoni huhesabiwa kengele kumi badala ya tisa, na ya kumi huleta msiba kwa aliyeiona, na kwamba mbwamwitu wa mfalme walikuwa wa kweli na walimla mtu, ingawa Mama aliwahi kuniandikia kwamba walikuwa mbwa tu.

Nabaki ndugu yako mtiifu,
Alvin Skogstad

*

Glendale, California
2 Mei 1977

Mdogo wangu Alvin,

Barua yako nimeipata, na kabla sijaifungua nilisimama wima, maana barua zako hazisomwi mtu akiwa amekaa. Hujambo, bwana Wakili? Mpe Ardis pole ya nyonga. Mimi ni magoti. Tungekatwa Ardis na mimi tukaunganishwa, angepatikana mwanamke mmoja mzima. Binti yangu Joyce amehamia Fresno na mumewe, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mti wa ndimu umezaa mpaka nawagawia watu nisiowapenda.

Haya, majibu ya Curtis. Theluji ilikuwa manyoya ya kuku. Sumu yake ni chafya tu. Malkia alipiga chafya katikati ya kuagana na mwanawe mara sita, na mara ya saba walichoka wakaiacha. Ukitazama vizuri, lile ambalo watu wote hulililia ni mafua.

Kengele ya kumi ni ndoo. Mpaka rangi mmoja aliisahau juu ya mnara, ikapigwa picha pamoja na wenzake. Mwambie Curtis, kama ndoo huleta msiba, basi zizi lako lingekwisha kuua kijiji kizima.

Mbwamwitu walikuwa mbwa wa kuchungia kondoo waliopakwa unga wawe weupe. Kila walipoachwa pamoja walilambana, na ilipofika saa sita mchana walikuwa weusi tena. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa sindano, ya mchana ilikuwa unga.

La kweli ambalo hakuna gazeti lililowahi kuliandika ni kwamba mfalme alikuwa amegundishwa ndevu zile kwa gundi, na kwa wiki tatu alikunywa supu kwa mrija. Alikuwa mtu mwema. Alinipa koti lake mara moja nilipokuwa natetemeka, ingawa hakukuwa na baridi.

Daraja halikuwa la barafu. Lilikuwa mbao zilizomwagiwa nta, na taa zikiwaka pote palinuka kama kanisa.

Kuhusu lile jambo jingine, makaratasi yamo kwenye sanduku, sanduku liko juu ya kabati, na magoti yangu umekwisha kuyasikia. Nitakuandikia.

Dada yako,
Verna

*

Elvestad, Minnesota
20 Juni 1977

Kwako Dada Verna,

Salamu zangu zikufikie pamoja na za Ardis, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na anautumia zaidi kunielekeza kazi kuliko kutembelea. Mvua imenyesha kwa kiasi, na majani ya malisho ya kwanza yamekwisha kukatwa. Ndimu tano ulizotuma zilifika tatu. Mbili zilioza njiani, nasi tulizihesabu kuwa zimefika kwa nia.

Nimekushukuru kwa ufafanuzi wako. Nimemsomea Curtis kwenye ghala la nafaka mbele ya watu. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na yule wa darajani? Mbona dada yako ameruka?" Nikamjibu kwamba dada yangu ni mtu wa utaratibu na jambo hilo limetengewa barua yake peke yake. Naomba usinifanye kuwa mwongo.

Naambatanisha rasimu ya hati ya kiapo. Nimeiandika kwa lugha iliyonyooka, na nimekuachia nafasi ya sahihi yako na ya ofisa wa viapo. Inasema: "Mimi, Verna Skogstad Pruitt, naapa kwamba mwanamke aonekanaye darajani ni marehemu mama yangu, Borghild Skogstad, naye hakufia hapo bali kitandani, katika kiangazi cha mwaka 1939."

Kuna hoja moja ambayo napenda kuiziba kabla hawajaiona. Mama alikuwa akituita kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia daima ulikuwa na upawa. Kwenye filamu ni mkono wa kulia. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, nami nimeridhika kwamba picha iligeuzwa ilipochapwa.

Aidha, kwa kuwa sanduku liko juu na magoti yako hayaruhusu, nimeamua kuiandikia ofisi ya kumbukumbu ya wilaya yako moja kwa moja, niombe nakala ya cheti cha kifo. Sitaki kukusumbua.

Huenda ukaniona msumbufu kwa sekunde nne. Nakumbuka jinsi Mama alivyonuka sabuni ya majivu. Nakumbuka mkono. Uso wake umekwisha kunitoka, Dada, isipokuwa huo wa jioni moja kila mwaka, nao ni mdogo kama ukucha. Wakiukata, sitakuwa tena na mahali pa kwenda kumwona.

Nabaki ndugu yako,
Alvin

*

Glendale
27 Juni 1977

Alvin,

Salamu wote. Usiiandikie wilaya. Nakuomba kama dada yako, na hujawahi kuniona nikikuomba kitu. Sanduku nimekwisha kuliteremsha. Nisubiri.

V.

*

Glendale, California
21 Agosti 1977

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini hamjambo nyote. Joyce anakuja Jumamosi. Ndimu zimekwisha. Sina habari nyingine za kukuchelewesha nazo, na Mungu anajua nimezitafuta.

Rasimu yako ni nzuri, ila siwezi kuitia sahihi.

Mama alifariki tarehe 9 Februari 1938, asubuhi, nyumbani kwa binamu yake hapa Glendale. Daraja lilipigwa picha mwezi wa Julai. Ndiyo sababu picha ya kaburi niliyokutumia ina maua mengi chini. Niliyapanga mwenyewe juu ya tarehe.

Februari hiyo wewe ulikuwa kitandani na homa ya baridi yabisi, na daktari wa huko alimwambia Baba kwamba moyo wako hauwezi kustahimili mshtuko. Simu ya maandishi ya Baba ninayo mbele yangu: USIMWAMBIE ALVIN ENDELEA KUANDIKA. Mwandiko nilifundishwa na Mama. Wetu ulikuwa mmoja. Nikakaa mezani kwake, nikaandika, "Mwanangu, kunywa supu yako yote." Wiki iliyofuata Baba akaandika kwamba umekunywa.

Nilidhani ni kwa mwezi mmoja. Ulipopona Baba akasema tusubiri umalize mwaka wa shule. Kisha ukawa unabeba barua hizo shambani. Na mimi, Alvin, nilikuwa na miaka kumi na tisa katika mji ambao, mbali na binamu huyo, hakuna aliyenijua. Nilipokuandikia kama Mama, palikuwa na Mama ndani ya nyumba. Usinifanye mwema kuliko nilivyokuwa.

Halafu ukauliza, "Mama, utarudi lini?" Sikuweza kuahidi kurudi. Nikaahidi kupunga. Nilikuandikia, "Verna ameniombea nafasi katika umati wa sinema, na darajani nitakuinulia kitambaa." Nilimwomba msimamizi nafasi hiyo, nikavaa shali ya Mama, nikaficha kitambaa kifuani.

Tulikuwa watu themanini. Walitangaza kwa kipaza sauti, "Atakayetazama kamera atoke!" Nikafika katikati nikageuka. Mwongozaji akafoka, "Wewe wa shali! Umemwona nani huku?"

Nikasema, "Nimemwona mdogo wangu, bwana."

Watu wote wakacheka. "Mpelekeni kwa mdogo wake!" Nikatolewa nje. Ndiyo maana picha inayofuata sipo. Hakuna aliyetumbukia popote, nilifukuzwa. Wangerudia yote upya, lakini nta ilikuwa imeyeyuka chini ya taa na daraja lisingebeba watu mara ya pili. Yule mfalme wa ndevu ndiye aliyenikuta nje natetemeka.

Picha haikugeuzwa. Nilikosea mkono. Nilipoiona kwenye ukumbi Krismasi ile, wengine walilia kwa ajili ya malkia, mimi nililia kwa sababu ya mkono. Nilijua utaona. Uliona, ukaniandikia: "Mama, ulisahau upawa."

Mwaka 1939 Baba alichoka, akakuambia amefariki kiangazi hicho. Baada ya hapo nilipaswa kusema. Lakini tangu televisheni ilipoanza kuionyesha filamu, kila Machi uliniandikia, "Nimemwona." Mtu anajibu nini, Alvin? Kila mwaka nilikuwa na barua mbili, moja ninayokutumia na moja ninayoichana.

Cheti cha kifo kimo humu ndani. Fanya utakavyo nacho.

Verna

*

Glendale, California
10 Oktoba 1977

Alvin,

Salamu kwako na kwa Ardis. Nimesikia kutoka kwake kwa simu kwamba u mzima na unakamua. Nilimuuliza, "Anasema nini?" Akasema, "Hasemi, Verna. Anapiga misumari. Ua wote umepigiliwa upya." Sitakulazimisha.

Nakuarifu tu. Tarehe 19 Septemba nilikwenda kwa ofisa wa viapo na hati niliyoiandika mwenyewe. Nilikopa maneno yako mazuri. Nimeapa kwamba mwanamke wa darajani ni mimi, na kwamba sikufa. Ofisa akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mama, hili la pili naliona mwenyewe." Wenye filamu walimtuma kijana kuja kulinganisha sura yangu na picha. Alinitazama muda mrefu kwa adabu, maskini, kama anayetafuta ufunguo gizani. Ndipo nikaichukua ile shali.

Wamekubali. Sekunde nne zitabaki. Sijui kama bado unazitaka.

Verna

*

Elvestad, Minnesota
6 Machi 1978

Kwako Dada yangu Verna,

Nakusalimu. Ng'ombe kumi na mmoja wamezaa, ndama wote wazima. Ardis ameuacha mkongojo. Theluji ni ya wastani.

Naomba radhi kwa kimya cha miezi sita na siku kumi na tatu. Nimeandika majibu kumi na moja. Mengine yalikuwa ya hasira, nayo yalipangwa vizuri kuliko barua zote nilizowahi kuandika, ndiyo sababu sikuyaamini. Nimeyachoma yote.

Septemba nilivaa shati la kanisani siku ya kazi, nikakaa mezani na cheti hicho. Nilitafuta katika kumbukumbu nilikuwa nikifanya nini tarehe 9 Februari 1938. Nilikuwa kitandani, nimekasirika kwa sababu ya supu. Nilimlilia Mama siku hiyo, nikiwa nimechelewa miaka thelathini na tisa. Ardis alikwenda kukamua peke yake.

Wakati wa baridi nilitoa barua za Mama kutoka kwenye kopo la biskuti na kuzitenganisha kwa tarehe. Zilizoandikwa na yeye ni tano. Zilizoandikwa na wewe ni kumi na nne. Tano zile ni fupi, zinataja hali ya hewa, kikohozi, na kwamba nimsaidie Baba. Alikuwa amechoka, maskini, nami nazipenda. Lakini ile ya mbwa waliolambana unga, na ile ya mwezi kuning'inizwa kwa kamba, na ile isemayo "popote ulipo shambani, nakuona", ambazo nilizikariri nikasema katika maisha yangu yote kwamba ndivyo mama yangu alivyokuwa, zote ni zako. Sikujua nifanye nini na jambo hilo. Nimezirudisha pamoja ndani ya kopo.

Jana ilionyeshwa. Nilikamua mapema, nikanawa, nikavaa shati lilelile. Rustad walikuja na viazi vyao.

Curtis akaanza, "Haya, marehemu wa Alvin..."

Nikasema, "Siyo marehemu. Ni dada yangu Verna. Yuko Glendale, ana mti wa ndimu na magoti mabovu."

Gladys akaweka kijiko chini. "Miaka yote hii, Alvin! Mbona hukuwahi kutuambia?"

"Nilikuwa sijaarifiwa rasmi."

Ukatokea. Nilikuwa nimeogopa kwamba sitaona mtu, kwamba Mama atakuwa ameondoka na pale patakuwa na shali tupu. Nilimwona msichana wa miaka kumi na tisa, amemezwa na shali isiyo yake, akimtafuta mtu upande huu wa kioo kwa macho ya mtu atakayefukuzwa kazi na anajua. Sekunde nne zilipokwisha nilitambua kwamba nilikuwa nimesimama, na mkono wangu uko juu.

Hivyo basi, nawasilisha kwako ombi langu la mwisho katika shauri hili. Katika miaka thelathini ya kufuga sijawahi kulala nje ya shamba hili, kwa maana ng'ombe hawana Jumapili. Curtis amekubali kunikamulia siku nane, kwa hiari yake na kwa shinikizo la Gladys. Nitapanda treni na kufika Los Angeles tarehe 18 Aprili, saa tatu asubuhi. Napenda kuliona kaburi la Mama bila maua, nisome tarehe yake. Baada ya hapo napenda kula chochote utakachopika.

Hatujaonana tangu tulipomzika Baba mwaka 1951, na kituo hicho, naambiwa, kina watu wengi kuliko daraja lile. Macho yangu si mazuri tena kwa mbali. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na kwa msisitizo, usimame mahali palipo wazi na uinue kitambaa.

Mkono wa kulia.

Ndugu yako,
Alvin